Bwana Kheri na Mlima wa Theluji

Sisi tunaokaa Moa baridi tunaijua kwa kipimo cha pwani. Kusi ikivuma mwezi wa Julai, wavuvi hutoka alfajiri wamejitanda shuka, na mama zetu husema baridi ya mwaka huu imezidi. Barafu tunaijua ile ya mabonge, inayoletwa kwa ajili ya samaki, ambayo mtoto akipewa kipande hukirusharusha mikononi mpaka kiishe chote. Theluji hatujaiona. Siku isiyo na mawingu tukitazama magharibi tunaona milima ya Usambara, na macho yetu huishia hapo. Kilimanjaro iko mbali nyuma yake.

Hata hivyo, habari ya mlima ule kama ilivyoandikwa vitabuni ilianzia katika pwani hii hii yetu, na iliandikwa kwa msaada wa watu wa pwani. Misafara ya kwenda Upare na Uchaga ilianzia Mombasa, Vanga, Tanga na Pangani, na Moa yetu iko katikati ya Vanga na Tanga. Njia iliyopita pembe za ndovu ndiyo iliyopita Injili. Tunataka kusimulia habari hiyo kwa kuwaangalia zaidi watu waliotangulia mbele, wenye kushika njia, kwa sababu katika masimulizi ya kanisa letu watu hao hupita upesi mno, mstari mmoja au nusu mstari, kisha tunarudi kwa mmisionari.

Wengi wetu tulipofundishwa kipaimara tulilisikia jina la Johannes Rebmann. Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Alilelewa katika Ulutheri, ila alitumwa na chama cha misioni cha Waanglikana wa Uingereza, CMS, kama ilivyokuwa kwa mwenzake Johann Ludwig Krapf. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Rebmann alimfuata mwaka 1846. Wakajenga Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa, wakaanza kutafuta njia ya kwenda bara.

Njia yenyewe waliikuta imekwisha kukanyagwa miaka mingi. Aliyeijua ni kirongozi wa msafara, na kazi yake haikuwa kutembea mbele tu. Alijua kisima gani kina maji mwezi gani. Alijua mfalme yupi anataka nguo, yupi anataka shanga, na yupi akikasirika hakuna atakayepita mwaka mzima. Alijua lugha tatu nne, na alijua wakati wa kunyamaza. Rebmann alipata kirongozi wa namna hiyo, mtu wa pwani, Mwislamu, jina lake Bwana Kheri. Krapf naye, alipokwenda kwa Kimweri mfalme wa Usambara katika mwaka ule ule wa 1848, aliongozwa na Bwana Kheri huyo huyo. Kwa hiyo hao wawili ambao Wakristo wa Afrika Mashariki tunawahesabu kuwa watangulizi wetu, wote walitembea nyuma ya mtu mmoja.

Kabla ya kuondoka, liwali wa Mombasa alimwonya Rebmann asiupande mlima wa Uchaga kwa kuwa umejaa majini. Watu waliojaribu walikufa, na bunduki zilikataa kulia. Tusicheke. Mtu anayepanda akiwa na nguo ya pwani na miguu mitupu, akaona wenzake wanakakamaa mmoja mmoja bila jeraha wala homa, ataeleza jambo hilo kwa maneno aliyo nayo. Rebmann mwenyewe aliondoka na watu wachache sana, bila silaha mkononi ila mwavuli. Bwana Kheri aliyezoea misafara ya watu wengi wenye bunduki alishangaa, lakini alikwenda naye. Tungependa kujua alimwambia nini mkewe usiku ule.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, yapata saa nne kwa kukisia maana Rebmann hakuwa na saa, milima ya Uchaga ilianza kuonekana wazi. Juu ya mmoja wao Rebmann aliona kitu kama wingu jeupe linalong'aa. Akamwuliza kirongozi wake ni nini kile. Bwana Kheri akajibu kwa neno moja: baridi.

Katika vitabu vingi neno hili huelezwa kana kwamba mtu yule hakujua anachosema, na mwenye elimu akamsahihisha: si baridi, ni theluji. Sisi tunaliona kwa namna nyingine. Bwana Kheri hakuwa amepanda. Hakuwa na sababu ya kulijua umbo la kitu kile, kama ni unga, jiwe au maji. Alijua kinafanya nini kwa mwanadamu, akakiita kwa kazi yake. Na Rebmann, mtoto wa nchi yenye majira ya theluji, aliposikia baridi ndipo alipokuwa na hakika kwamba macho yake hayamdanganyi. Kama angejibiwa wingu, au jiwe jeupe, au fedha, huenda angeendelea kusitasita. Ushuhuda ule ulihitaji watu wawili, mmoja aliyeijua theluji bila kuijua nchi na mwingine aliyeijua nchi bila kuijua theluji.

Walipopumzika Rebmann alifungua Biblia yake, na kwa mpango wake wa kusoma alikuwa amefikia Zaburi ya 111. Aliandika kwamba ilimgusa maradufu, hasa aya ya 6, ile inayotaja Mungu kuwaonyesha watu wake uwezo wa matendo yake na kuwapa urithi wa mataifa. Aliuona mlima kuwa tendo la Mungu, na mataifa yaliyo chini yake kuwa watu wanaongoja Neno. Hatuna shaka na moyo wake. Aliishi miaka 29 Afrika bila kurudi kwao hata mara moja, na mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya mali. Lakini tunajua pia kilichofuata. Hazikupita hata siku za mzee mmoja, nchi ile yote ikawa urithi kweli, ila wa serikali ya Kijerumani, yenye kodi na viboko. Aya ile ile ingeweza kusomwa na watu wawili wenye nia mbili. Tunapoisoma leo kanisani Moa, sisi tulio miongoni mwa hayo mataifa, tunaisoma tukikumbuka hayo.

Rebmann alifika Kilema kwa mfalme Masaki, na katika safari zilizofuata akafika Machame kwa Mamkinga. Huko aliambiwa kwamba Wachaga wana jina lao kwa kile cheupe, Kibo, na kwamba kikiletwa chini hugeuka maji. Akasimuliwa pia kwamba zamani kidogo mfalme Rengua, baba yake Mamkinga, alituma kundi kubwa la watu wapande wakatazame kama kile kinachong'aa ni fedha au nini. Alirudi mtu mmoja tu, aitwaye Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Vitabu vya wapanda milima huanza kuhesabu kwa mwaka 1889, na mwenye bidii huanza 1861. Lakini hapa kuna msafara mzima wa Wachaga, waliotumwa na mfalme wao, kwa swali halali kabisa ambalo mtaalamu yeyote angeuliza, na mmoja wao akarudi na jibu katika mwili wake. Sabaya alilipa mikono na miguu, na habari yake ikaandikwa na mmisionari kama mfano wa mambo ya wenyeji. Kama kuna orodha ya watu waliojaribu Kibo, hatuoni kwa nini jina la Sabaya lisianze.

Habari za Rebmann zilichapishwa Uingereza mwaka 1849 katika gazeti la CMS. Huko akatokea bwana mmoja mwenye sifa ya kuijua Afrika, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kutia mguu katika nchi hizi. Alikuwa amesoma Waarabu na Wareno, amehoji wasafiri, amechora ramani. Akasema theluji karibu na ikweta ni ndoto ya mmisionari. Mwaka 1852 akaandika kitabu kizima juu ya bara hili na hakubadili msimamo wake. Baron Karl Klaus von der Decken akaja mwaka 1861, akarudi tena 1862 pamoja na Otto Kersten, wakapanda mpaka kama mita 4,200 na kitu, theluji ikawaangukia wenyewe. Cooley bado alikataa.

Sisi wachungaji tunamjua Cooley. Yumo katika kila usharika, na wakati mwingine amevaa joho. Ni mtu ambaye mfumo wa mawazo yake umekamilika kiasi kwamba hakuna nafasi ya shahidi. Tomaso alitaka kuona na akaonyeshwa; Cooley alikuwa na mashahidi wa kuona na akawaambia macho yao hayafai. Na tukumbuke alipomkataa Rebmann alimkataa na Bwana Kheri pamoja naye, ingawa nadhani Bwana Kheri hakupata kujua wala hakujali.

Mwaka 1871 mmisionari wa Kimethodisti, Charles New, aliyekaa Ribe, si mbali na Rabai, alipanda kutoka Moshi kwa Mandara mpaka akaigusa theluji kwa mkono. Wenyeji waliomsindikiza walibaki chini mmoja baada ya mwingine. Aliyekwenda naye karibu kufika mwisho ni kijana wake aitwaye Tofiki. Baada ya miaka michache New alirudi Uchaga, akanyang'anywa vitu vyake, akafa njiani akijaribu kurudi pwani, mwaka 1875. Habari za Tofiki baada ya siku ile hazina mtu wa kuzisimulia.

Sasa tuje kwa Hans Meyer, ambaye watalii wote wanamjua. Alikuwa mtu wa Leipzig, wa familia tajiri ya wachapishaji wa vitabu. Alijaribu mara ya kwanza mwaka 1887 akashindwa na ukuta wa barafu. Mwaka 1888 alirudi pamoja na Oscar Baumann, na wakati huo pwani yetu ilikuwa inawaka. Abushiri bin Salim wa Pangani alikuwa ameinuka kupigana na kampuni ya Wajerumani. Meyer na Baumann walishikwa, wakafungwa minyororo, wakaachiliwa kwa fidia ya rupia 10,000. Mwaka uliofuata Meyer akaja tena na Ludwig Purtscheller, fundi wa milima kutoka Austria, wakapitia Mombasa, wakapokewa na Mangi Marealle wa Marangu. Tarehe 6 Oktoba 1889 walisimama juu kabisa ya Kibo, na Meyer akakiita kilele kile kwa jina la Kaisari Wilhelm. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka ule ule. Kati ya siku hizo mbili ni wiki kumi. Tunaziweka pamoja kwa sababu vitabu vya mlima havisemi habari za Pangani, na vitabu vya vita havisemi habari za mlima.

Kuna mtu wa Pangani mwingine katika habari hii. Wazungu wale wawili walipoweka kambi juu, penye mawe matupu, kwenye mita 4,300 hivi, wapagazi wengine walirudishwa chini. Aliyebaki kuwapikia na kulinda hema ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Meyer alimtaja kwa jina katika kitabu chake, na kwa hilo tunamshukuru. Mtu wa pwani, aliyezaliwa penye minazi na jasho, amekaa pale siku baada ya siku, peke yake wakati wenzake wako kwenye barafu, analinda moto. Bila moto ule hakuna aliyefika popote. Wakati huo huo mjini kwao vita havijakwisha.

Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo, ambaye inasimuliwa alimwongoza Meyer akiwa kijana, akaendelea na kazi ya uongozi wa mlima kwa miaka mingi. Mwaka 1989, miaka mia baada ya Meyer, alipewa heshima ya hadharani, na alifariki mwaka 1996 akiwa mzee wa umri ambao watu wanabishana nao. Wapo wanaobisha pia kama alifika kileleni siku ile. Kwetu sisi hilo si la kugombania sana. Katika lango la Marangu jina lake limeandikwa kwenye kibao pamoja na wenzake, na hilo ni jambo jema ambalo Mwini Amani hajafanyiwa kwake Pangani.

Wamisionari wa Kilutheri walikuja kwa njia hizo hizo. Mwaka 1890 kazi ilianza Tanga mjini. Mwaka 1891 Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo, Usambara. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walianza Machame. Halafu ikaja reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikajivuta kwa miaka, ikafika Moshi mwaka 1911. Mgeni wa Ulaya sasa aliweza kushuka melini Tanga na kupanda gari la moshi mpaka chini ya mlima wenyewe. Kirongozi wa msafara hakuhitajika tena kati ya pwani na Moshi. Alihitajika kuanzia Moshi kwenda juu, na kazi hiyo ikawa ya Wachaga.

Mwaka mmoja baada ya reli kufika, yaani 1912, vijana wawili Wajerumani, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na kitu ambacho mlima ule haukuwa umekiona: mbao za kutelezea juu ya theluji. Tuwaeleze wasiozijua. Ni mbao mbili nyembamba, ndefu kupita kimo cha mtu, ncha zake zimepindwa kwenda juu kama omo ya ngalawa, na mtu huzifunga kwenye viatu akateremka mteremko kama anayeteleza juu ya mafuta, fimbo mbili mikononi. Huko Norway na milima ya Alps watu huzitumia wakati wa baridi kama sisi tunavyotumia ngalawa. Watu hawa wawili walikuwa wa nne kufika juu ya Kibo tangu Meyer, na wa kwanza kushuka kwa mbao hizo. Furtwängler ni ndugu yake Wilhelm yule kiongozi mashuhuri wa muziki, na barafu moja juu ya Kibo ina jina lake mpaka leo.

Tunakiri kwamba jambo hili linatuchekesha na kutufurahisha. Wote waliotangulia walihesabu kupanda, na sifa yote ilikuwa ya kupanda. Hawa wawili walisafiri kutoka Ulaya wakiifikiria furaha ya kushuka. Martin Luther, alipojadiliana na watawa wenzake mjini Heidelberg mwaka 1518, aliwatenga wanateolojia wa utukufu, wenye kumtafuta Mungu kwa kupanda, na wanateolojia wa msalaba, wenye kumkuta alikoshuka. Hatusemi vijana wale walikuwa wanafikiri habari za Luther. Walikuwa wanafikiri habari za kuteleza. Lakini mwanafunzi wa teolojia anayesoma chuoni chini ya milima ile hawezi kuzuia wazo kama hilo lisimjie.

Na huko juu hawakujipeleka wenyewe. Mizigo ilibebwa na watu wa Uchaga, migongoni na vichwani, kupita mashamba ya migomba, kupita msitu, kupita nyasi, mpaka kwenye mawe. Mpaka leo ndivyo inavyokuwa kwa kila mgeni. Hairuhusiwi kuingia katika Hifadhi ya Kilimanjaro kupanda bila kiongozi mwenye leseni, na mpagazi hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20. Kanuni hiyo ya kilo iliwekwa kwa kuwa watu walikuwa wakibebeshwa kuliko hivyo, na wengine walikufa kwa baridi ile ile aliyoitaja Bwana Kheri, wakiwa na viatu vibovu.

Mwaka huo huo wa 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler walipima mlima, na kwa vipimo vyao barafu ilifunika kama kilomita za mraba 12. Mwaka 2007 zilibaki chini ya 2. Wataalamu walioziangalia walisema asilimia 85 ya barafu ile ilikuwa imekwisha. Mtu akileta mbao za theluji Kibo leo atakuta vipande vipande, na kati yake mchanga na mawe. Wakulima wa chini wasikate tamaa ya maji kwa sababu hiyo peke yake, maana maji ya mto Pangani hutoka zaidi katika mvua ya msitu wa mlima kuliko katika barafu. Msitu ukilindwa, mto utafika baharini. Lakini kitu kilichomfanya Rebmann afungue Zaburi kinaondoka machoni pa wajukuu zetu, na Zaburi bado inasomwa.

Kanisa letu lilikuwa na mpanda mlima wake. Mchungaji Richard Reusch, mzaliwa wa Urusi, alifika Tanganyika na misioni ya Leipzig mwaka 1923. Alipanda Kibo zaidi ya mara 25, na serikali ikalipa shimo la volkano jina lake. Ndiye aliyeandika habari ya chui aliyekutwa amekufa na kuganda karibu na ukingo mwaka 1926, chui ambaye baadaye aliingia katika hadithi ya Hemingway. Sasa mtu akiitazama ramani ya Kilimanjaro anasoma: Rebmann, Decken, Kersten, Meyer, Purtscheller, Klute, Furtwängler, Gillman, Reusch. Vibanda vya kulala njiani vina majina ya Mandara na Horombo, watawala wa Uchaga. Kilele chenyewe, tangu Luteni Alexander Nyirenda alipokipandishia bendera na mwenge usiku wa Uhuru wa Desemba 1961, kinaitwa Uhuru. Mahali penye jina la kirongozi hatujapaona.

Tunaandika haya kwa kuwa katika usharika wetu mdogo, tukizungumza juu ya kuandika historia ya Injili pwani hii, wapo wazee wetu wanaoona si vema kitabu cha kanisa kimtaje Mwislamu kuwa aliyefungua njia. Tunawaheshimu wazee hao, na hofu yao tunaielewa. Sisi ni wachache hapa Moa, na mchache huogopa kumezwa. Lakini wanajua kama tunavyojua sisi ni nani anayeshika jembe tukichimba kaburi la Mkristo, na ni nyumba gani zinazotuletea futari jioni za Ramadhani. Kumtaja Bwana Kheri hakumfanyi kuwa Mlutheri, wala hakutufanyi sisi kuwa Waislamu. Alifanya kazi yake kwa uaminifu. Alimpeleka mtu aliyeshika Biblia na mwavuli mahali alipotaka kwenda, akamrudisha salama. Historia inayomruka itasema uongo katika ukurasa wa kwanza, na waandishi wake watakuwa ni sisi.

Rebmann alibaki Rabai wengine wote walipokufa au kuondoka. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Macho yake yakaanza kufifia, mpaka yule aliyekuwa ameona theluji kabla ya Ulaya yote kuiamini akawa haoni kitu. Mwaka 1875 alikubali kurudi kwao. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono akapanda naye meli, akamfikisha Uingereza, kisha Ujerumani, ni Isaac Nyondo wa Rabai, mwana wa mmoja wa Wakristo wa kwanza kule. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Nyondo alirudi Rabai.